Saa Nne: Amegeuzwa

Wifi yangu ana mdomo. Nasema hivyo kwa heshima, maana ni mke wa kaka yangu mkubwa na ndiye anayenipakulia chakula, lakini ukweli usemwe: siku ndimi zilipogawiwa, yeye alipanga foleni mara mbili.

Ni muuguzi wa wodi ya mifupa ya wanaume, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wagonjwa wanamwita Sista Geuza, na sababu nitaieleza. Mimi ni karani katika hospitali hiyohiyo, ofisi ya Katibu, jengo la mbele lenye mapazia. Yeye yuko jengo la nyuma, lenye harufu. Kwa kuwa tunaishi nyumba moja, mambo ya hospitali nayapata mara mbili: mchana nayapiga chapa yakiwa yamevaa suti, jioni wifi ananiletea yakiwa uchi.

Mezani kwetu tumejifunza kula haraka. Kaka yangu, fundi wa friji na mtu mpole, humaliza sahani yake kabla mkewe hajavua viatu. Anayechelewa ataila nyama yake huku akisikiliza habari za usaha.

Ana maoni juu ya kila kinachofanyika kando ya kitanda cha mgonjwa. Kuna daktari anayesimama miguuni pa mtu na kuwaeleza wanafunzi wake kuhusu "nyonga hii" kama fundi gereji mbele ya gari bovu, huku mwenye nyonga anamtazama kwa macho mawili mazima. Huyo wifi humsukumia stuli kwa mguu mpaka imguse nyuma ya magoti. Wengi hukaa kwa kushtuka, na wakishakaa huona aibu kuinuka bila kumsalimia mgonjwa. Jagi la maji likiwekwa mahali ambapo mgonjwa hafiki, kwake hilo si jagi, ni picha ya ukutani. Mzee akivunjika mguu, anasema, mbona mnampigia kelele masikioni? Na lile swali la "Umepata choo?" linaloulizwa kwa sauti ya mnada mbele ya mkwe aliyekuja na mfuko wake wa machungwa!

"Mtu na mkwewe wanaheshimiana miaka thelathini," wifi husema, "nesi anakuja kuimaliza heshima hiyo kwa maneno mawili."

Ndugu wa wagonjwa nao hawaponi. Hasa wale wanaokaa juu ya kitanda, wote wanne, na wale wanaomlisha uji kwa siri mtu anayesubiri kupasuliwa.

"Kidogo tu, sista."

"Hicho kidogo tu ndicho kitakachomwingia mapafuni, mama. Lete bakuli."

Lakini vita vyake vikuu ni vidonda vya kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza akiachwa chali nusu siku, ngozi ya makalioni inakosa damu. Inakuwa nyekundu, kisha inafunguka, na ukizembea utauona mfupa. Dawa yake haiuzwi duka lolote: ni watu wawili wamshike, wamgeuze, wamwekee mto, kila baada ya saa mbili. Wifi akiingia wodini hasemi habari za asubuhi, anasema "Geuza!" Jina lilitoka hapo.

Tatizo ni hesabu. Wodi ina vitanda thelathini na viwili. Wasioweza kujigeuza huwa tisa au kumi. Wauguzi kwa zamu ni wawili, na mmoja wao daima yuko kwingine: kafuata dawa, kapeleka mtu chumba cha upasuaji, kashikwa na daktari anayetafuta faili ambalo yeye mwenyewe amelikalia.

Mwanzoni mwa mwaka, Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, akaleta chati. Kila mgonjwa asiyejigeuza akatundikiwa karatasi miguuni pa kitanda: saa mbili, saa nne, saa sita, na kuendelea, kila saa na nafasi yake ya sahihi. Kisha korido kuu ikawekwa ubao wa asilimia, na wodi inayoongoza ikawa inabandikiwa nyota ya karatasi ya dhahabu. Wodi ya mifupa ilipata asilimia mia wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katibu wangu alikuwa akipita mbele ya ubao ule mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lake.

"Asilimia mia," wifi alisema jioni moja. "Mimi hata kupumua sipumui asilimia mia."

Yeye mwenyewe alikuwa anatia sahihi alipogeuza, na asipogeuza anaacha wazi. Hakuuliza nani anazijaza zile nafasi wazi. Nadhani hakutaka kujua.

Ndipo kitanda cha saba kikapata mtu. Alikuwa mzee aliyevunjika nyonga baada ya kuteleza bafuni, akaungwa kwa vyuma. Zamani alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu, miaka mingi, na wodi nzima ikamwita Refa. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye saa kubwa mkononi ambayo hata chumba cha upasuaji walimvua kwa mabishano. Alipima kila kitu. Chai imechelewa dakika tisa. Daktari amekaa kitandani kwangu dakika moja na nusu. Yule wa kitanda cha nane amekoroma kipindi kizima cha kwanza. Kila wifi alipomgeuza alinung'unika, na wifi akamjibu kwamba kunung'unika ni mazoezi mazuri ya mapafu, endelea.

Jumatatu moja wifi aliingia zamu ya mchana, saa nane. Kama kawaida yake akaanza na chati. Ya kitanda cha saba ilikuwa imejaa vizuri. Saa mbili: amegeuzwa. Saa nne: amegeuzwa. Saa sita: amegeuzwa. Saa nane: amegeuzwa. Saa kumi: amegeuzwa.

Akaitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika nne.

"Baba," akamwambia Refa, "leo saa nne walikugeuza?"

"Saa nne nilikuwa eksirei," Refa akajibu. "Nilitolewa hapa saa nne kasoro dakika tano, nikarudishwa saa sita na dakika kumi na moja. Kama kuna mtu aligeuzwa kitanda hiki saa nne, mtafuteni, amelala kwangu bila ruhusa."

Wifi akamwita mwenzake wa zamu, wakamlaza ubavu, wakamfunua. Chini ya kiuno palikuwa na doa jekundu. Akalibonyeza kwa kidole. Doa lisilo la hatari hugeuka jeupe ukilibonyeza, kisha hurudia wekundu wake. Lile lilibaki jekundu vilevile, likimtazama.

Hapo ndipo mdomo wake uliposhuka mkononi. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya zile sahihi, akaandika upya. *Saa nne: hakugeuzwa, hakuwepo. Saa sita: hakugeuzwa, alikuwa njiani. Saa nane: amegeuzwa. Saa kumi: haijafika.*

Na hakuishia hapo. Kuanzia siku hiyo kila nafasi aliyokuta wazi katika zamu yake aliijaza kwa maneno: *Hakugeuzwa. Nilikuwa peke yangu. Hakugeuzwa, tulikuwa tunamfufua wa kitanda cha ishirini. Hakugeuzwa, mwenzangu yuko famasia tangu saa tisa, Mungu amrudishe.* Kijana wa takwimu alipokuja kukusanya karatasi, wifi akamweleza kwamba zile za zamani ni nyororo sana, na kama angezipeleka chooni zingesaidia watu wengi zaidi.

Wiki ile wodi ya mifupa ikaanguka kutoka asilimia mia hadi sitini na moja. Nyota ikabanduliwa, ikaenda wodi ya macho, ambako wagonjwa wote wanatembea na kujigeuza wenyewe kadiri wapendavyo.

Aliyeumia zaidi alikuwa mwenye zile sahihi. Tulimwita Mama Pacha, muuguzi wa zamu ya asubuhi, mwanamke mchapakazi mwenye watoto wawili wa umri mmoja na usingizi usiotosha hata mtu mmoja. Alimsubiri wifi kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Dada, umenichoma."

"Sikuandika jina lako."

"Sahihi yangu inajulikana nchi nzima, ina mkia! Nilikuwa peke yangu siku ile. Ulitaka niandike nini?"

"Ungeandika hivyohivyo. Kwamba ulikuwa peke yako."

"Wewe una wifi ofisini," Mama Pacha akasema, akafunga kabati lake kwa kishindo. Hawakusalimiana tena.

Kuhusu wifi aliye ofisini, alikosea sana. Barua ya kumwita wifi mbele ya kikao niliipiga chapa mimi. Makosa mawili: kuharibu nyaraka za hospitali, na kutumia lugha isiyo ya staha kwa mtumishi mwenzake. Jioni nikaketi mezani naye, nikaiacha sahani ipoe.

"Barua umeipiga wewe?" kaka akaniuliza.

"Mimi."

"Haina kosa hata moja," wifi akasema, akiniongezea mchuzi. "Ila 'staha' umeiandika kwa herufi kubwa, kama jina la mtu. Kula."

Kikao kilikuwa Jumatano saa tatu asubuhi, ofisini kwa Katibu. Tulikuwa wanne: Katibu, Matroni, wifi, na mimi wa kuandika muhtasari. Katibu ni mtu wa mafaili, msafi, anayeogopa wodi kama paka anavyoogopa maji. Matroni ni mrefu na mkimya. Yeye na wifi walisoma chuo kimoja, wakalala chumba kimoja miaka mitatu, wakaazimana pasi na soksi. Tangu mmoja apate ofisi, salamu zao zimekuwa za kichwa tu.

Katibu akasoma mashtaka. Alipofika kwenye karatasi nyororo na choo, akakohoa mara mbili.

"Una la kusema, Sista?"

"Ninalo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Katibu akaweka kalamu chini. "Wodini kuna kunguni?"

"Ni methali, mheshimiwa."

"Kunguni wasiandikwe," akaniambia kwa haraka. Nikawafuta.

"Namaanisha hivi," wifi akaendelea. "Kiti hicho ulichokalia kina mto mzuri kuliko kitanda chochote wodini kwangu, na tangu tuanze umeshajigeuza mara nne. Nimehesabu. Unajigeuza kwa sababu unaweza. Mzee wangu wa kitanda cha saba hawezi. Karatasi inasema ngozi yake iko salama, makalio yake yana doa jekundu linalosema sivyo. Nyinyi mmeamua kuamini karatasi kwa kuwa ndiyo inayoweza kuletwa ofisini."

Katibu, ambaye alikuwa njiani kujigeuza mara ya tano, akaganda.

Matroni alikuwa ameinamia chati muda wote. "Hii sahihi ya saa kumi," akauliza, "uliikuta saa nane?"

"Niliikuta imeshafika."

"Ya nani?"

"Ya mtu aliyepangwa peke yake na wagonjwa thelathini na wawili. Ukitaka kumjua mwenye kosa, angalia nani alitia sahihi ratiba ya zamu."

Ratiba za zamu anazitia sahihi Matroni. Nilijua wifi amevuka mstari, na nilijua yeye anajua, maana alianza kukunja ukingo wa gauni lake kwa vidole.

"Na wewe," Matroni akasema polepole, "katika zamu zako ulimgeuza?"

"Kila nilipopata mtu wa kunisaidia. Siku nyingine mara tatu kwa zamu."

"Doa limepungua?"

Wifi aliliachia gauni. "Limefunguka," akasema. "Juzi. Ukubwa wa kifungo cha shati."

"Basi kuna kitu hukioni. Twende."

Katibu akasema yeye atabaki kulinda mafaili, karani aende, muhtasari usikatike.

Nilikuwa sijakanyaga wodi ile miezi mingi. Matroni alivua saa na pete, akaziweka mfukoni, akakunja mikono ya shati, akanawa mpaka kwenye viwiko. Wifi alisimama pembeni, mikono kifuani, na uso wa mtu anayesubiri mwenzake ateleze. Miaka kumi na minne Matroni hakuwa amegusa mgonjwa.

Hakuteleza. Kwanza alivuta stuli, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mzee. Akajitambulisha. Kisha akamuuliza:

"Baba, ukilala ubavu, unapenda kutazama upande gani?"

Refa aliitazama saa yake.

"Wiki ya tatu hii," akasema. "Hakuna aliyeniuliza. Nyonga mbovu ni ya kulia, kwa hiyo wananilaza kushoto. Kushoto ni ukuta. Rangi ya kijani. Saa mbili nzima natazama ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu darasani. Siwaoni wanaoingia, sijui nani amekufa na nani amepona, nasikia tu minong'ono nyuma ya mgongo. Mimi nimefanya kazi uwanjani miaka thelathini na moja, sikuwahi kuupa mchezo mgongo."

"Kwa hiyo?"

Mzee akamwangalia wifi kwa jicho la pembeni. "Kwa hiyo huyu bibi akishaondoka nauchomoa mto, narudi chali."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Wa kitanda cha nane hata kukoroma aliacha.

"Unauchomoa?" wifi akasema. "Kila mara?"

"Kila mara. Huchukua dakika nne. Inauma sana."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku. Ulisema ni mazoezi ya mapafu."

Wifi alifungua mdomo. Naapa nilimwona akiufungua. Hakikutoka kitu.

Matroni akainuka, akakizunguka kitanda, akakitazama kichwani na miguuni. "Leteni mto upande huu," akasema. Wakamhamisha mzee wote watatu, Matroni, wifi na mhudumu wa usafi, kichwa kikaja mahali palipokuwa na miguu. Wakamlaza kushoto kwake kulekule. Safari hii mbele yake palikuwa na wodi nzima, meza ya wauguzi, mlango, na watu wanaopita koridoni. Matroni akamwekea mto mgongoni, mwingine kati ya magoti, akavuta shuka mpaka ikanyooka.

"Mto wa magoti unauweka chini mno," akamwambia wifi. "Hata chuoni ulikuwa unauweka chini."

"Chuoni ulikuwa hujui hata kukunja kona ya shuka."

"Nilijifunza."

Wakatazamana. Kisha wakaenda kitanda cha tisa, wakamgeuza wa kule, na wa kumi na moja, na wa kumi na nne, wakibishana juu ya kila mto. Nilisimama na daftari langu, sina la kuandika.

Jioni ile tulikula taratibu kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Wifi hakusema usaha wala choo. Alichezea chakula, akasukuma sahani.

"Nimemuumiza mimi mwenyewe," akasema mwishowe. "Mzee wa watu. Mimi nilidhani nampigania, kumbe kila nikimgeuza yeye anakaa dakika nne kwenye maumivu akijirudisha. Ananung'unika, nami najibu kwa mzaha. Sikuwahi kumuuliza."

Kaka akafikiri. "Hata mimi hukuniuliza," akasema kwa upole. "Natazama ukuta tangu tuoane."

Wifi alimtupia kitambaa cha mezani, lakini alikuwa anacheka na kulia pamoja, na sisi tukajifanya hatuoni machozi.

Mambo yaliishaje? Shtaka la kuharibu nyaraka lilifutwa. La lugha lilibaki, na barua ya onyo ikatoka, na nikaipiga chapa mimi, safari hii staha ikiwa kwa herufi ndogo. Wifi aliisoma, akasema inamstahili, akaomba tu iongezwe kwamba alilolisema lilikuwa kweli. Katibu alikataa.

Chati zilibadilishwa. Zikapata safu mpya ya kuandika kwa nini mtu hakugeuzwa, na ndani ya mwezi mmoja safu hiyo ilijaa hospitali nzima. Wodi ya uzazi ikaanguka, ya upasuaji ikaanguka, hata wodi ya macho, ilipoulizwa vizuri, ikakiri kwamba haijui inachofanya kwenye ubao ule. Katibu akaamuru ubao uondolewe kwa ajili ya matengenezo. Uko stoo, nimeuona, hauna ubovu. Wifi aliomba wauguzi wawili zaidi kwa mchana, akapewa mmoja. Anaendelea kudai wa pili kila akikutana nami koridoni, kana kwamba namficha kwenye droo.

Mama Pacha alichukua muda. Siku yule muuguzi mpya alipoanza, Mama Pacha aliandika kwenye chati yake, kwa ile sahihi ya mkia, *Hakugeuzwa, nilikuwa na watu watatu wanatapika*, akampelekea wifi aisome. Wifi akasema mwandiko wake ni wa kuku. Wakaanza tena kusalimiana.

Kidonda cha Refa kilifunga baada ya wiki tano. Aliondoka akitembelea fremu ya kushikilia, hatua kwa hatua, na wifi akampa binti wa mzee somo la namna ya kumlaza na kumgeuza, palepale kwenye maegesho, mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Refa hakumshukuru mtu. Aliangalia saa yake, akasema somo lile limezidi muda, akaingia garini.

Aliyefuata kitanda cha saba ni fundi rangi aliyeanguka kwenye ngazi. Wifi akavuta stuli, akakaa, akamuuliza kwa upole ambao sikuutegemea, angependa kutazama upande gani. Fundi akasema ukutani. Wodi nzima ilimkera, hasa kitanda cha nane.

Wifi bado yuko palepale, bado ana mdomo. Matroni sasa huja wodini kila Jumatano, huvua pete, hugeuza watu, na kukosoa mito, jambo ambalo wifi anasema ni uvamizi na hulisubiri tangu Jumanne. Wiki hii amehamia kwenye vipimajoto: kuna mtu anaviweka kwapani mwa wagonjwa asubuhi na kuvisahau hadi chakula cha mchana. Anamjua ni nani. Ametuahidi kutueleza mezani, na kaka ameshaanza kula.